Miavuli Juu ya Kichuguu

Nilitoka mjini Ijumaa ile kwa sababu ya kichuguu. Shangazi yangu Nekesa alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado kitandani katika chumba changu cha Ngara, nikitazama ukuta wa jirani. Dirisha langu halina kitu kingine cha kutazama. Wakati huo nilikuwa nikiandika riwaya yenye msitu ndani yake, na msitu huo niliujenga kwa madoa ya unyevu ya ukuta ule: doa hili mto, doa lile mti, ufa ule njia ya swala.

“Wewe mwandishi,” Shangazi alisema, “unaandika nini na huku watu wanataka kufunga msitu? Kuja uone kumbikumbi. Pengine ni mara ya mwisho.”

Nikamuuliza ni nani anayefunga. Serikali?

“Ingekuwa serikali singelia. Ni chama. Chama yetu sisi wenyewe.”

Kwa msomaji ambaye, kama mimi, hukaa mjini na kuujua msitu kwa harufu ya vitabu tu: ng’ambo ya Dagoretti kuna msitu wa serikali ambao wenyeji wa pande zile wanautunza pamoja na ofisi ya misitu. Waliunda chama, wakakubaliana na serikali, na tangu hapo wanapanda miche, wanazunguka na askari wa msitu, wanaokota kuni zilizokauka, na kanuni zao wanazipigia kura chini ya miti. Shangazi ni mwanachama. Siku za kawaida huwafulia watu nguo katika nyumba za kupanga za Satellite na Riruta. Siku za chama hupalilia miche.

Na humo msituni kuna kichuguu anachokiita chake. Kwetu Bungoma kichuguu kina mwenyewe, kama ng’ombe alivyo na mwenyewe. Hurithiwa, na huwezi kuvuna kumbikumbi kwenye kichuguu cha jirani bila kualikwa. Mume wa Shangazi alipofariki, ndugu zake walichukua shamba, na vichuguu vilivyokuwa juu yake vikaenda na shamba. Shangazi akaja Nairobi na sanduku moja. Mvua za kwanza alizozikuta huku, alikuwa akiokota kuni msituni, akaona udongo mwekundu umevimba katikati ya nyasi. Akaketi kando yake, akauimbia. Hiyo ndiyo mali aliyopata mjini.

Jioni, kituo kikuu cha reli. Nilipanda treni iendayo Kikuyu pamoja na watu wanaorudi makwao kutoka kazini. Kila mmoja alionekana kukijua kiti chake. Mama mmoja mkabala nami alikuwa akiambua minji ndani ya beseni alilolipakata, na behewa lilipoyumba minji ilizunguka kwenye beseni na kutoa sauti ya mvua ndogo. Treni huuona mji kwa mgongo. Niliona nguo zilizoanikwa nyuma ya nyumba, kuku juu ya paa la bati, mtoto akiogeshwa mlangoni, mwanamume akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Kisha reli ikapanda polepole kuelekea magharibi, hewa ikapoa, miti ikaanza kuinama dirishani kana kwamba inataka kuona tunakula nini. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, sikujua kama tulikuwa tunakwenda au tumesimama na dunia ndiyo inayopita.

Satellite, giza likiingia. Shangazi alinisubiri kando ya reli, ameshika miavuli minne chini ya kwapa. Ilikuwa mibovu yote, mmoja wa maua, mmoja wa benki, miwili myeusi.

“Inanyesha?” nikamuuliza, maana mbingu ilikuwa safi.

“Haijanyesha wiki nzima. Hii ni hema.”

Tukiwa njiani kwenda kwake alinieleza, na hapo ndipo nilipoelewa kilichomliza. Ili kuvuna kumbikumbi mchana, watu wetu hujenga hema dogo juu ya kichuguu: fito zinapindwa, blanketi linatandazwa juu, ndani kunakuwa giza. Kisha wanapiga vijiti juu ya vipande vya mbao, taratibu, kama mvua. Walio chini wakisikia, hudhani saa yao ya kuruka imefika. Wanatoka, wanafuata mwanga hadi mlangoni mwa hema, na mlangoni kuna mkebe.

Msimu uliopita, watu wa kwetu waliokuja kuvuna walihitaji fito. Karibu na kichuguu kulikuwa na miche ya muiri iliyonyooka, laini, kimo cha mtoto wa shule. Wakaikata. Hawakujua, au hawakuuliza, kwamba ilipandwa na Bwana Jaswant, mzee wa Kihindi, Kalasinga, aliyestaafu biashara ya vifaa vya ujenzi na anayekaa upande wa Kinoo. Aliipanda mwaka aliofiwa na mkewe.

“Wewe ulikuwepo?” nikamuuliza.

“Nilikuwa kazini. Lakini ni watu wangu, na nilikula.” Akahamishia miavuli kwapa la pili. “Sasa huyo mzee ameleta hoja. Upande ule wote ufungwe, mtu asiingie tena, ni ndege tu. Kesho wanapiga kura. Nimewaomba kwanza waone vile inafanywa bila kukata kitu. Ndiyo maana ya hii miavuli.”

Asubuhi ya Jumamosi tulipita Dagoretti kwa miguu, kila mmoja na miavuli yake miwili, mimi na blanketi begani. Jua lilikuwa kali. Langoni mwa msitu kuna kitalu cha miche cha Mama Njoki, mwenyekiti wa chama, mwanamke mpana mwenye buti za mpira na kicheko kinachomtangulia.

“Ndio huyu mtoto wa ndugu yako?” alimuuliza Shangazi. “Sasa, msichana. Karibu msitu. Usikate, usiwashe, usichukue, isipokuwa hewa. Hiyo beba mpaka ushibe.”

Ndani, kelele za barabara zilikatika kama mtu aliyefunga mlango. Sina hakika kama naweza kueleza kijani kile. Mwanga ulishuka kwa vipande, ukatua juu ya mgongo wa Shangazi aliyekuwa mbele yangu, ukahama, ukatua juu ya jani, na kwa muda nilimwona kama naye ni kitu kinachoota pale. Kima walitutazama bila kushangaa. Mahali fulani maji yalikuwa yakipita chini ya majani na hayakujionyesha. Nilifikiri juu ya ukuta wangu wa Ngara nikaona haya kidogo, kama mtu aliyekuwa akichora sura ya mtu asiyewahi kukutana naye.

Kwenye kichuguu, wanachama walikuwa wamekwisha kukaa kwenye nyasi. Kamati ilikuwa imewapangia kumbikumbi Jumamosi asubuhi kwa sababu ndiyo siku ambayo watu wengi hawaendi kazini. Hakuna aliyekumbuka kuwauliza kumbikumbi.

Bwana Jaswant alisimama kando, kilemba cha samawati, mikono nyuma. Hatua chache kutoka kwake vilikuwapo visiki vya miche, vidogo kama vidole, na mche mmoja tu uliosalia. Shangazi akamwamkia. Akaitikia kwa adabu.

“Mama, mimi sina shida na wadudu yako,” alisema. “Mimi nina shida na miti yangu.”

“Miti ya chama,” Mama Njoki akasema.

“Ndiyo, ya chama. Lakini maji ni mimi nilibeba.”

“Na hiyo kichuguu ni yangu,” Shangazi akasema, “lakini nimekuja kuomba.”

“Hapa hakuna yangu,” Mama Njoki akasema. “Mnanichosha nyinyi wawili. Yangu, yangu. Mama, anza.”

Shangazi alifungua miavuli akaipanga kuzunguka kichuguu, mipini ikiwa imechomekwa ardhini, akatandaza blanketi juu yake. Hema likasimama. Hakuna aliyekata hata unyasi, na niliona watu wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Akaacha mlango upande wa mawio. Tukapiga magoti, tukaanza kupiga vijiti.

“Mvua ya mbali kwanza,” alininong’onezea. “Iko Ngong. Bado haijatufikia.”

Tukapiga mvua ya mbali. Tukapiga mvua inayokaribia. Shangazi akaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwetu ambao nilikuwa nimeusahau hadi mdomo wangu ulipoukumbuka kabla yangu. Tukapiga mvua yenyewe, na mikono ikaanza kuuma, na jua likatuchoma visogo. Mwishowe askari mmoja wa mchwa, mwenye kichwa kikubwa, akatoka mlangoni, akatazama huku na huku, akarudi ndani.

“Ametumwa aone kama ni ya ukweli,” mtu mmoja akasema nyuma yetu, na watu wakacheka.

“Labda wako kanisani,” mwingine akasema.

“Leo ni Jumamosi.”

“Basi ni Wasabato.”

Hata Shangazi alicheka, lakini nilimwona akipangusa uso kwa ncha ya leso muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. “Nafula,” aliniambia, “jina lako ni la mvua, na umekuja mikono mitupu.”

Tulipiga tena. Hawakutoka. Mama Njoki akatazama jua, akasema basi, watu wana kazi, tupige kura. Shangazi akaanza kufunga miavuli, mmoja mmoja, taratibu kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Hapo Bwana Jaswant akakohoa. “Mwenyekiti, kura ingoje kesho mchana,” akasema. “Mimi nataka kushinda. Lakini sitaki kushinda kwa sababu ya jua.”

“Na kesho kukiwa na jua?”

“Kesho ni kesho. Baada ya hiyo, tufunge.”

Usiku Shangazi hakuzungumza juu ya jambo hilo. Alikaanga sukuma, akasonga ugali, akaniuliza riwaya yangu inahusu nini. Nikamwambia inahusu mtu anayepotea msituni. Akaona ni jambo la ajabu. “Mtu akipotea msituni,” akasema, “si atembee tu mpaka asikie mtu anapasua kuni?” Nikalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake nikisikia treni ambayo sikuwa na hakika kama ilikuwapo. Kila nilipoamka nilimsikia naye yuko macho, anasikiliza bati.

Jumapili mchana bati likajibu. Mvua ilianza kama minji ya yule mama wa treni, kisha ikamwagika kweli, ikapiga kwa muda wa ibada fupi, ikaondoka. Jua likatoka nyuma yake, jipya, la kuoshwa. Shangazi alikuwa amekwisha vaa kandambili.

“Twende,” akasema, “kabla hawajabadilisha nia.”

Msitu ulikuwa ukitoa moshi. Nasema moshi kwa sababu sina neno lingine. Mvuke mweupe uliinuka kutoka kwenye kila jani na njia yote ikawa kama ndoto ya mtu mwingine ambayo tumeruhusiwa kupita katikati yake. Tulimkuta Mama Njoki akitembea mbele yetu, nguo ya kanisani juu, buti za mpira chini. Nyuma yake walikuja wanachama wengine, si wengi. Na kwenye kichuguu, peke yake, chini ya mwavuli mkubwa wa gofu, alikuwa amesimama Bwana Jaswant. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Mvua yote alikuwa ameimalizia pale.

“Wako hapo ndani,” alimwambia Shangazi kwa sauti ndogo, kama mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. “Nimeona shimo zimefunguka.”

Shangazi alijenga hema upesi. Lakini alipofika mlangoni, upande wa mawio, mahali ambapo mwenye kichuguu huketi na mkebe wake, alisimama. Kwetu mahali pale hapakaliwi na mtu mwingine. Anayeketi pale ndiye anayefungua na kufunga blanketi. Ndiye anayeamua wangapi wanaingia mkebeni na wangapi wanaachwa wakaruke. Hata mumewe, alipokuwa hai, hakuketi mlangoni mwa kichuguu cha baba mkwe bila kuitwa.

“Bwana Jaswant,” akasema. “Kuja ukae hapa.”

“Mimi? Mimi sili nyama, Mama.”

“Hakuna mtu amekwambia ule. Kaa. Wakitoka wengi, funga blanketi na mkono hii. Mkebe ni huu.”

Mzee alifunga mwavuli wake, akasita, kisha akaufungua tena na kuuchomeka ardhini pamoja na ile mingine, kando ya ule wa maua. Akaketi kwenye nyasi mbichi, miguu amekunja, mkono kwenye ncha ya blanketi.

Tukapiga mvua ya mbali. Mama Njoki akashuka kwa magoti na nguo yake ya kanisani akaokota kijiti. Tukapiga mvua inayokaribia. Shangazi akaimba. Hatukufika kwenye mvua yenyewe.

Walitoka kwanza kama uzi, wakiwa wamekunja mabawa, wakisukumana kimyakimya. Kisha uzi ukawa mkono wa maji. Mwanga wa mlangoni ukawavuta, wakafika kwenye magoti ya Bwana Jaswant, wakafungua mabawa yao yote kwa mara ya kwanza maishani mwao, na mabawa hayo yalikuwa na rangi ya chai iliyoangaziwa na jua. Wakapaa. Walimpita usoni, wakapita kwenye kilemba, wakapanda katika ule mwanga wa baada ya mvua hadi juu ya miti, na mwewe walikuwa tayari wanazunguka huko, na bado kumbikumbi walikuwa wanatoka.

“Bwana Jaswant,” Shangazi akasema bila kuacha kupiga, “funga mlango.”

“Ngoja kidogo.”

“Chakula kinaenda.”

“Ndiyo, Mama. Naona.”

“Anaona,” Mama Njoki akasema. “Haki ya Mungu, huyu mzee atatunyima mboga.”

Lakini hakufunga. Mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya blanketi na kuisahau. Niliacha kupiga ili nimtazame. Alikuwa ameinua uso kama mtu anayesimama kwenye uwanja wa ndege akijaribu kuona dirisha la mtu wake. Baadhi yao walitua kwenye ule mche mmoja uliosalia, wakaufunika, na kwa kitambo kifupi mche ule ukawa na majani yanayotetemeka yenyewe bila upepo. Kisha nao wakaondoka.

Walipopungua, Shangazi alifika mlangoni kwa magoti, akachukua ncha ya blanketi kutoka mkononi mwake, akaifunga mwenyewe. Mkebe ulikuwa haujajaa hata nusu. Aliuangalia. Nilimjua shangazi yangu. Nilitegemea atamwambia mtu ukweli wake.

“Mwaka mzima nimengoja hii,” akasema.

“Pole, Mama,” Bwana Jaswant akasema. Alikuwa na mabawa kwenye ndevu. “Mwaka ujao nitafunga haraka.”

Maji yalidondoka kutoka kwenye miavuli. Mama Njoki akageuza kichwa polepole.

“Mwaka gani huo, Bwana Jaswant?”

Mzee akaelewa alichosema. Akatazama visiki vyake, akatazama mkebe, akajipangusa magoti. “Mwaka ujao,” akasema. “Lakini hema ni ya mwavuli. Na mtu akitaka kupiga vijiti hapa, kwanza anamwagilia mti. Andika hivyo.”

“Hatuandiki,” Mama Njoki akasema. “Tunainua mikono. Nani anakubali?”

Mikono iliinuka, mingine ikiwa na vijiti bado. Wa Shangazi uliinuka wa mwisho, kwa sababu alikuwa amemimina kumbikumbi kidogo kwenye leso, akiifunga fundo.

“Hii ni ya nani?” nikamuuliza.

“Ya mlangoni. Aliyekaa mlangoni anapewa kwanza.”

“Lakini yeye hali nyama.”

“Hiyo ni shida yake.”

Bwana Jaswant alipokea kile kifundo kwa mikono miwili. Baadaye, tulipokuwa tukikunja hema, nilimwona ameinama, anakusanya kwa viganja mabawa yaliyopukutika kwenye nyasi, anayarundika chini ya ule mche. Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akaenda akamsaidia. Sikusikia waliyozungumza.

Jumatatu, alfajiri, treni ya kurudi mjini. Nilikuwa na kumbikumbi waliokaangwa ndani ya kopo la majarini, wakinukia chumvi na kitu kama siagi, na abiria aliyeketi kando yangu alinusa, akatabasamu, akaniuliza kama natoka nyumbani. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Nilikuwa nimeondoka nikiamini kwamba msitu hulindwa na watu wanaoupenda. Sasa naona upendo wenyewe ndio ulioleta ugomvi: mzee alipenda miche yake, shangazi alipenda kichuguu chake, na kila mmoja alikuwa tayari kumfungia mwenzake nje. Siku ile sikuona mtu akipenda kidogo zaidi. Niliona watu wakishika ncha za blanketi moja, na mmoja wao akisahau kuifunga, na mwenye chakula akimvumilia.

Mjini nilikuta mvua. Nilitembea kutoka kituoni hadi Ngara nikilowa, watu wakinishangaa chini ya mabaraza ya maduka. Mwavuli wangu mwenyewe, niliotoka nao mjini Ijumaa, nilikuwa nimeuacha kwenye kitalu cha Mama Njoki, pamoja na mingine mitano, kungoja mwaka ujao.